Mapezi ya Nyoka

Kanisani kwetu kuna watu wanaonishauri nimsamehe baba yangu mdogo kwa sababu alishakufa. Mimi huwauliza tangu lini kufa kukawa kuomba radhi. Alikufa kitandani, ameshiba, wajukuu wamemzunguka. Hakuniomba chochote na mimi sikumpa chochote. Kwa hiyo nitasimulia kama ilivyokuwa, na atakayesema nina kinyongo atakuwa ameona sawasawa.

Baba yangu alipofariki, mama aliachiwa vipande vya shamba vilivyotawanyika, kimoja huku, kingine kule, kama mashamba ya kila mtu yalivyokuwa siku hizo. Vingi vilikuwa vya kawaida tu. Kimoja kilikuwa dhahabu: kile cha pale mto wa Ruiru unapopinda, penye tope jeusi ambalo halikauki hata kiangazi. Hapo mama alipanda nduma, yale magimbi yanayopenda tope. Mwaka ambao mahindi ya watu wote yaliungua, sisi tulikula nduma, na zilizobaki mama akazibeba kwa kiondo hadi soko la Thika. Watu walimheshimu kwa ajili ya kile kipande. Mjane mwenye nduma haendi kuomba kwa mtu.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu akiwa na koti refu, buti, na hadithi zisizokwisha. Alimwambia mama mara kwa mara kwamba pale mtoni panafaa mwanaume, mwenye nguvu ya kuchimba mitaro. Akataka wabadilishane: yeye achukue pa mtoni, mama achukue kipande chake cha juu mlimani, chenye mawe. Mama alikataa kwa adabu, akampikia uji, akamsindikiza hadi njiani. Basi akaacha kuomba, na mama akadhani yameisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya Hali ya Hatari. Mvua ilinyesha vibaya mwaka huo. Mto ulifurika, ukaingia katika nduma zetu, halafu ukarudi nyuma ukaacha matope na takataka. Asubuhi moja tukasikia baba mdogo akipiga kelele huko chini kuita watu. Tulikimbia, mama mbele, mimi nyuma yake na kibuyu changu cha maji, maana nilikuwa msichana wa kutumwa mtoni.

Alikuwa amesimama katikati ya nduma zetu, panga mkononi, koti limeloa hadi kiunoni. Miguuni pake alilala mnyama mrefu, mnene kama mkono wa mtu mzima, mgongo wa rangi ya matope, tumbo la manjano. Alikuwa amekatwakatwa. Pande zote mbili nyuma ya kichwa palikuwa na majeraha, na mgongoni alikuwa amechunwa utepe mrefu hadi mkiani, na kutoka mkiani hadi nusu ya tumbo. Baba mdogo alihema, akasema amepigana na huyo nyoka tangu kabla jua halijatoka. Alisema alimkuta amelala juu ya nduma za mjane, ameziviringia, kama mwenye mali.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa leo wanaokula tilapia mjini hawawezi kuelewa. Kwetu samaki hakuwa chakula. Aliwekwa fungu moja na nyoka na vyura, na mtu mwenye heshima hakumgusa wala kumwangalia mara mbili. Mto tuliuchota, tuliufulia, tuliuvuka. Vilivyoishi ndani yake havikutuhusu. Ukituuliza mnyama wa majini yukoje tungekwambia ni mrefu na anateleza. Hakuna hata mtu mmoja katika kijiji chetu aliyeweza kusimama pale na kusema huyu ni nini. Baba mdogo aliyajua hayo vizuri kuliko sisi.

Walimchoma kwa mafuta ya taa na kuni. Nakumbuka harufu ilivyobadilika, ya mafuta ya taa ikaisha, ikaja harufu ya mafuta ya nyama, nzuri kabisa. Nikasema inanukia. Shangazi mmoja akanizaba kofi, akaniambia nimelogwa.

Jioni baba mdogo akaja kwetu na sura ya msiba. Alisema amekwenda kuuliza kwa mwenye kujua, na ameambiwa ule ni unajisi, thahu yenyewe, umekuja kwa sababu mjane alichimba ukingo wa mto kabla msiba wa marehemu haujaondolewa kwa desturi. Nyoka mwingine angekuja, na huyo angefuata watoto. Dawa ilikuwa kondoo dume wa kusafisha, kisha mama asikanyage tena pale. Yeye, kwa kuwa ndiye aliyemuua, damu ya nyoka imemruhusu kupalima. Na kwa sababu hawezi kumwacha mke wa ndugu yake bila shamba, atampa kile kipande cha mlimani.

Mama alikuwa Mkristo. Angeweza kucheka. Lakini juma lile lile dada yangu mdogo alishikwa na homa, akaweweseka, na mama alipomsikia akitaja maji usiku ule moyo wake ulivunjika. Kulipokucha alimtoa kondoo, wa pekee tuliyekuwa naye, akampelekea baba mdogo kwa kamba. Homa ikapoa, kama homa za watoto zinavyopoa, na baba mdogo akapata sifa ya uponyaji juu ya ile ya ushujaa.

Tukaenda mlimani kuokota mawe. Mama aliyatoa kwa mikono, akayapanga ukuta, na chini yake akakuta mawe mengine. Maharagwe yaliota yakanyauka. Siku ya soko tulimkuta mke wa baba mdogo Thika, amekaa penye kivuli ambapo mama alizoea kukaa, viondo vimejaa nduma zetu. Akatusalimu vizuri sana. Akampa mama nduma moja, kubwa, ati akawapikie watoto. Mama aliipokea kwa mikono miwili akashukuru, na tulipofika darajani akaitupa mtoni. Nilimchukia yule mwanamke tangu siku hiyo, na mumewe zaidi, ingawa sikuwa na sababu ninayoweza kuitaja.

Kisha Hali ya Hatari ikaja, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni. Nyumba zetu zikabomolewa, tukarundikwa katika kijiji kimoja chenye mtaro wa miti iliyochongwa. Baba mdogo akawa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, na koti lake la vita likapata kazi mpya. Yeye ndiye aliyekaa langoni kuamua nani atoke kwenda shambani na arudi saa ngapi. Mama alimwomba ruhusa ya kwenda kwenye mawe yake.

Mimi nilipopata urefu wa kutosha niliandikwa kazi ya yaya katika nyumba ya Wazungu, kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Kazi haikuwa mbaya. Watoto walikuwa watundu lakini hawakunipiga, na memsahibu alikuwa na barua ya kunipitisha popote aendapo, kitu ambacho miaka ile kilikuwa bora kuliko nguo. Mwaka mmoja wakaenda likizo Malindi wakanichukua.

Memsahibu alikuwa na mazoea ya ajabu. Maji yakipwa alitembea ufukweni akitafuta samaki waliotupwa na bahari, hasa wale asiowajua, na mimi nilimfuata na karai. Akirudi alimpanga kila mmoja barazani juu ya jani la mgomba, akamwita mpishi wa nyumba ile, mtu wa huko huko Malindi, amtajie jina. Mpishi alikuja anajifuta mikono, akawapitia kama mwalimu anayeita wanafunzi. Huyu bunju, amejaa upepo, usimle. Huyu taa, angalia mwiba wa mkia. Huyu kikande, ngozi yake unaweza kusugulia sufuria. Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya jiko. Baadaye nilizoea, na nikaanza kuwajua hata kabla hajasema: nilitazama mdomo, mkia, na zaidi mapezi, yamekaa wapi na ni mangapi. Mpishi alinicheka, akasema Mkikuyu amekuwa mpwani.

Usiku mmoja ikapiga tufani. Asubuhi bahari yote upande wa mto Sabaki ilikuwa nyekundu kwa udongo, na ufuko umejaa magogo na matete. Memsahibu alisimama kuokota makome. Mimi nilitangulia, nikazunguka gogo, nikamwona.

Alikuwa amelala mchangani. Mnene kama mkono wa mtu mzima, mgongo wa rangi ya matope, tumbo la manjano. Karai lilinianguka. Nilikimbia nikiita mama, msichana mzima, na sikusimama hadi jikoni. Nilimwambia mpishi kwamba nyoka wa mto wetu amenifuata.

Alikuja na kijiti, memsahibu na watoto nyuma yake. Akamgeuza kwa kijiti, kisha akainama akamshika kwa mkono wake mtupu.

“Binti, huyu si nyoka,” akasema. “Huyu mkunga. Samaki. Njoo umtazame kama unavyowatazama wengine.”

Nilimtazama kwa sababu niliona aibu mbele ya watoto. Mpishi akafunua kwa kidole pezi dogo nyuma ya kichwa, laini, la mviringo, kama sikio la mtoto wa mbuzi. Akamgeuza, upande wa pili lingine. Kisha akavuta kwa ukucha pezi la mgongoni, refu, likaanza karibu na katikati, likaenda hadi mkiani, likazunguka, likarudi chini ya tumbo. Alisema mkunga wa aina hii huishi mitoni, huko bara, anapanda akiwa mdogo kama sindano na kushuka baharini akiwa mzee. Alisema huenda huyu ametoka kwenu, maana hata haya maji mekundu ni udongo wa kwenu.

Sikuwa nikisikiliza tena. Nilikuwa nikitazama zile sehemu. Nyuma ya kichwa, kulia na kushoto. Mgongoni hadi mkiani. Kutoka mkiani hadi nusu ya tumbo. Panga linalopigana gizani hukata popote, hukata kichwa, hukata katikati. Hili lilikuwa limekata mapezi tu, yote, halikuacha hata moja.

“Mtu akimkata hapa na hapa,” nikauliza, “akamchuna huu wa mgongoni?”

Mpishi akacheka. “Basi amejitengenezea nyoka.”

Sikulia. Watu hufikiri mtu akigundua jambo kama hilo hulia. Mimi nilihisi furaha, furaha mbaya, iliyonipa joto tumboni. Miaka yote nilikuwa nimemchukia mtu bila sababu ya kutaja, na sasa sababu ilikuwa mchangani mbele yangu, na mapezi yake yote. Baba mdogo alikuwa askari, amekaa kambini Mombasa, amevuka bahari. Alimwona samaki amekwama katika nduma, akamtambua, akakaa chini kwenye matope asubuhi ile, akamkata taratibu kama mama anayemenya viazi, halafu ndipo akaita watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kimevaa koti la vita.

Nilimwomba mpishi anitengenezee ng'onda. Alimpasua tumboni, akamtia chumvi, akamnyoosha juu ya ubao, akaniapia kwamba pezi hata moja halitaharibika. Alikauka juani akawa mgumu kama mkanda. Tuliporudi memsahibu alilalamikia harufu garini njia nzima, nikamwambia ni dawa ya mama yangu. Sikuwa nimedanganya.

Nikamficha darini kwenye chumba changu cha uyaya, amefungwa katika gunia. Nilijua nikikimbia nyumbani na kupayuka, homugadi angenicheka, kisha angeninyima pasi, kisha mama angelipa. Nikangoja. Subira huvuta heri, na mimi sikuitaka heri ya mtu mwingine, niliitaka ile yangu.

Ikaja amri ya kuunganisha mashamba. Vipande vya kila mtu vingepimwa, vikajumlishwa, akapewa mahali pamoja, na kikishaandikwa hakirudi. Wazee wa kamati walitembea mlima kwa mlima wakiuliza kipi cha nani. Zamu ya ukoo wetu ilipofika niliomba ruhusa kazini, nikashuka Ruiru na gunia langu begani. Mama aliponiona alijua nimekuja na vita. Akanisihi nisiseme kitu. Alisema yule mtu analinda lango, na mawe yetu tumeshayazoea. Nikamwambia mimi sijayazoea.

Wazee walikaa kwenye nyasi karibu na pale mto unapopinda. Baba mdogo akataja vipande vyake, na hicho cha mtoni akakitaja kwa sauti ya chini, haraka, kati ya viwili vingine. Mwenyekiti wa wazee akauliza kama kuna mwenye neno. Mama aliangalia miguu yake. Mimi nikasimama. Wakauliza huyu msichana ni nani, nikasema mtoto wa marehemu, na kwamba sina neno, nina ombi tu. Wakaniruhusu.

“Baba,” nikamwambia, na sauti niliilainisha hadi mama akanitazama, “hapa kuna wazee ambao hawakuwepo. Tafadhali wasimulie vile ulimuua yule nyoka.”

Mungu anajua alivyoipenda ile hadithi. Aliinuka. Alisimulia giza, maji, macho ya nyoka. Nikamuuliza kwa heshima alimkata wapi kwanza. Akajipiga kwa kiganja nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto. Nikauliza na kisha? Akapitisha mkono mgongoni kwake hadi kiunoni, akaeleza alivyomchuna hadi mkia, akazunguka chini. Nikauliza kama alimkata mahali pengine. Akasema hapana, hapo tu, kwa maana alijua mahali pa kumkata. Hayo maneno aliyasema mwenyewe, mbele ya wazee, bila mtu kumlazimisha.

Nikafungua gunia. Nikamlaza ng'onda kwenye nyasi, kichwa kikielekea buti zake.

Wengine walirudi nyuma. Mimi nilipiga magoti nikashika pezi la kulia, nikaliinua. Nikashika la kushoto, nikaliinua. Nikapitisha kidole kwenye lile la mgongoni hadi mkiani nikazunguka chini, polepole, vile vile alivyopitisha mkono wake. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa na baba mdogo jeshini, akasogea, akainama, akanusa.

“Huyu ni samaki,” akasema. Halafu akamtazama baba mdogo. “Na wewe unamjua. Tulikuwa tunamla Mombasa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiomba kuongezwa.”

Nikachukua panga lililokuwa limechomekwa ardhini, nikamnyooshea baba mdogo mpini.

“Mfanye nyoka tena, baba. Wazee waone.”

Hakulichukua. Akatazama lango la kijiji juu kule kama mtu anayetaka kwenda kulilinda. Nilikaa nimeushika ule mpini hadi mkono ukaniuma, na ningekaa hadi jioni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilitaka aone urefu wake wote.

Wazee walimrudishia mama kipande cha mto na shamba lake lote likapimwa kutoka hapo. Baba mdogo akaamriwa kumlipa kondoo dume. Alimleta mwenyewe, kwa kamba, mchana, kijiji chote kinaona. Walisema nimeshinda. Mimi niliona bado.

Mavuno ya kwanza nilichemsha nduma, nikazifunika kwenye sinia, nikampelekea. Kwa desturi yetu mzee hawezi kukataa chakula cha mtoto wa ndugu yake aliyekufa. Akikataa amemlaani, na watu watauliza kwa nini. Akala. Niliketi mbele yake, nikamsifia nduma, nikamwongezea, sikuondoka hadi sinia likabaki maganda. Mavuno yaliyofuata nikapeleka tena. Nimeolewa nikapeleka, nimezaa nikapeleka na mtoto mgongoni. Alizeeka akila mkononi mwangu, akiniangalia kwa macho ambayo sikuyahurumia hata kidogo.

Na mama? Nilimwekea yule ng'onda mapajani. Nilimshikisha mapezi kwa vidole vyake. Alisema ndiyo, amesadiki, ni samaki, ubarikiwe. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakukanyaga pale mtoni tena. Alinipa jembe lake, akaendelea kwenda mlimani kuokota mawe katika shamba ambalo sasa lilikuwa la mtu mwingine, hadi wenyewe wakamwomba aache. Nduma nilizochemsha alizigawa kwa majirani. Nilipomshika mkono nikamsihi aonje hata kipande, aliweka mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, na nilipogeuka akatema kwenye kiganja.

Aliyesema uongo alikula nduma zile miaka yote, akanenepa. Mama yangu hakuzila kamwe. Wanaotaka nisamehe, waje kwanza wamlishe.